Bwawa likigeuka zambarau: tunayoyadhania kuhusu bakteria wanaosafisha majitaka kwa jua

Dhana: Bwawa la majitaka likiwa la waridi au zambarau, kuna mtu kamwaga rangi au sumu.
Mara nyingi ni bakteria wa zambarau, na hata tope la ufukwe wa Ziwa Victoria linao. Jaza tope hilo nusu ya chupa angavu, changanya na kiini cha yai na vipande vya gazeti, ongeza maji ya ziwa, funga, weka dirishani. Baada ya wiki kadhaa mabaka ya zambarau hutokea ubavuni mwa chupa. Baadhi yao hutumia ile gesi inayonuka yai viza, kwa hiyo rangi hiyo huweza kuwa dalili njema.

Dhana: Wanatoa oksijeni kama mwani.
Hawatoi kabisa. Hutumia hasa mwanga ambao macho yetu hayauoni, ulio ng'ambo ya wekundu, na hustawi pasipo hewa. Bwawa likikorogwa kwa nguvu usiku kucha, oksijeni huingia, bakteria wengine hutawala, na sehemu kubwa ya uchafu uliomo majini, ambao ungekuwa chakula cha hawa wa zambarau, huishia hewani kama kabonidayoksaidi.

Dhana: Mwanza jua tunalo, yatosha.
Usiku nao tunao, karibu saa 12 mwaka mzima. Isitoshe, maji yakishajaa bakteria, mwanga hupenya sentimita chache tu. Bwawa lazima liwe na kina kifupi na eneo pana, na eneo tambarare katika mji huu wa miamba na milima ni la kutafuta.

Dhana: Maji yakitoka humo, naitrojeni na fosforasi zimekwisha.
Hii ndiyo inayonitia hofu. Hazijaisha, zimehamia ndani ya miili ya bakteria. Wakiachwa wafe na kuoza humo humo, zinarudi majini, zinafika ziwani, zinalisha magugumaji. Lazima wavunwe, na mavuno hayo ni mali: wakikaushwa, protini huweza kufika karibu asilimia 60, na wameshajaribiwa kama chakula cha samaki na kamba. Wanaofuga sato kwenye vizimba wanajua wanavyogombania dagaa na walaji wa ugali.

Kwa maoni yangu tuanze na maji ya viwanda vya minofu ya sangara, yenye damu na mabaki ya nyama. Majitaka ya vyooni yana vimelea vya magonjwa ambavyo bakteria hawa hawaviondoi vyote. Mavuno yake yapimwe kwanza, tena yaelekezwe kwenye mbolea kabla ya kufikiria kumlisha samaki.