Mtunzi alikufa zamani. Je, rekodi nayo ni ya bure?

Wengi huamini kwamba muziki wa klasiki unaweza kupakuliwa bila kizuizi, kwa kuwa watunzi wake walifariki zamani. Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Simfonia ya mtunzi aliyefariki mwaka 1827 haina tena mwenyewe: unaweza kuipiga, kuinakili, hata kuipanga upya.

Rekodi ni jambo jingine. Okestra iliyoipiga simfonia hiyo mwaka 2015, pamoja na waliogharamia kurekodi, wana haki zao. Katika nchi za Umoja wa Ulaya rekodi iliyochapishwa hulindwa kwa miaka 70. Marekani, zilizochapishwa kabla ya 1923 ziliingia mikononi mwa umma tarehe 1 Januari 2022. Ni santuri zenye mikwaruzo, lakini zina utamu wake.

Kukagua si kazi kubwa. Tafuta herufi P ndani ya duara, ℗: mwaka ulio kando yake ni wa kuchapishwa kwa rekodi, wakati © mara nyingi huhusu jalada na maelezo. Kisha soma leseni. Wapo wanamuziki wanaotoa rekodi mpya kwa CC0, yaani wameachia haki zote. Neno “bure” kwenye kitufe cha kupakua halithibitishi lolote.