Mdaiwa yuko nje? Kesi haijafa

Huku Unguja na Pemba watu washazoea kusema mtu akishapanda ndege kwenda Maskati au London basi huwezi kumshitaki tena, wengi wamesamehe haki zao kwa maneno hayo tu na inaniuma sana. Si kweli jamani. Kama mahakama ya hapa ina mamlaka na shauri lenyewe, unafungua kesi hapahapa halafu unaomba ruhusa samansi (hati ya kumwita mahakamani) ipelekwe nje. Njia ndo inatofautiana kwa nchi, mfano Ujerumani imo kwenye Mkataba wa Hague wa 1965 wa kupelekeana hati za mahakama nje ya nchi, lakini imekataa samansi za nje zitumwe kwa posta moja kwa moja, lazima zipitie mamlaka zao. Na kumrushia mtu picha ya samansi WhatsApp bila amri ya mahakama usihesabu ishamfikia, hukumu ya upande mmoja, yaani iliyotolewa bila mdaiwa kusikilizwa, inaweza kuja kutenguliwa.