Usingizi wa nusu ubongo: jinsi bata mwitu anavyolala huku akilinda

Usingizi wa nusu ubongo ni hali ya upande mmoja wa ubongo kulala wakati upande wa pili uko macho. Pomboo hulala hivyo, na ndege wengi pia. Kwa ndege dalili yake huonekana usoni: jicho moja limefumbwa, la pili liko wazi. Habari za kila jicho huenda hasa upande wa ubongo ulio mkabala nalo, kwa hiyo bata aliyefumba jicho la kulia amelaza upande wa kushoto wa ubongo.

Hali hii isichanganywe na kuchungulia. Anayechungulia hufumba macho yote, kisha kila baada ya muda huyafumbua kidogo, atazame, ayafumbe tena. Usingizi wake unakatika. Wa nusu ubongo halali kwa vipande: analala na kulinda kwa wakati uleule.

Je, bata huamua, au humtokea tu? Mwaka 1999 Niels Rattenborg na wenzake, huko Marekani, walichapisha jaribio lililojibu swali hilo kwa njia rahisi ajabu: bata wanne walipangwa mstari mmoja. Wawili wa pembeni, ambao upande mmoja hawana jirani, walitumia usingizi wa nusu ubongo kwa takriban asilimia 32 ya muda wao wa kulala. Wa katikati asilimia 12 tu. Tena wale wa pembeni, jicho lililobaki wazi lilielekea nje ya kundi kwa asilimia 86 hivi ya muda huo. Wa katikati hawakuwa na upande wanaoupendelea. Basi ni hatari inayoamua ubongo ulale kiasi gani.

Usingizi wa ndoto, hata hivyo, haugawanyiki. Ukija, pande zote mbili huingia pamoja, ila kwa ndege hudumu sekunde chache tu.

Lakini pembeni si lazima pawe pabaya. Utafiti wa mwaka 2023 kuhusu pengwini wa Antaktika wanaoatamia ulikuta wanasinzia zaidi ya mara 10,000 kwa siku, kila mara kama sekunde 4, na jumla yake ikapita saa 11. Waliokaa ukingoni mwa koloni walilala vizuri kuliko waliobanwa katikati, penye kelele na ugomvi wa majirani.