Cheo Kinachompwaya Mtu

Mwaka wangu wa kwanza kama meneja wa hoteli hapa Moshi nilimpoteza mhudumu bora kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi, na nilimpoteza kwa kumpandisha cheo.

Alikuwa akihudumia mezani. Anakumbuka kwamba mgeni wa meza ya tatu hanywi maziwa, na kwamba mtoto wa dirishani hataki kuona nyanya. Msimamizi wa mgahawa alipoacha kazi mwezi Julai, msimu ukiwa umechanganya, nilimwita ofisini, nikampa mkono na nyongeza kidogo ya mshahara, nikamkabidhi funguo za stoo.

"Madam, nianzie wapi?"

"Kazi unaijua. Endelea tu."

Kazi aliyoijua ni ya kuhudumia. Kupanga shifti za watu 14, kumwandikia barua ya onyo rafiki yake aliyechelewa mara tatu, kuvutana na jikoni bila kugombana, hayo hakuna aliyemwonyesha, nami nikiwemo. Kufika wiki ya tano alikuwa anabaki usiku kuosha glasi mwenyewe, maana aliona haya kumtuma mtu. Septemba akaleta barua ya kuacha kazi. Kumrudisha mezani haikuwezekana; kwao Kibosho walikuwa wameshampongeza.

Siku hizi kazi yangu ni kufundisha wasimamizi wa hoteli na kampuni za utalii kati ya Moshi na Arusha, na kosa lile nalikuta karibu kila ninapoitwa. Cheo kinampwaya mtu, tunamcheka mvaaji, fundi aliyeshona bila kupima hatumuulizi.

Ukitaka kuona watu wanavyokuzwa vizuri, angalia mlimani Kilimanjaro. Kundi likiondoka kambi ya Barafu karibu na usiku wa manane kuelekea kileleni, mita 5,895, kiongozi mkuu hawezi kuwa na kila mgeni. Yule anayesuasua anapewa msaidizi. Mgeni akianza kuyumba na kuongea maneno yasiyoeleweka, msaidizi anamgeuza kumrudisha chini hapohapo, hata kama amelipa maelfu ya dola na analia. Mara nyingi msaidizi huyo alianza kama mpagazi, mgumu kama wenyewe wanavyoitana, mzigo wake ukipimwa getini usizidi kilo 20. Alibeba, akahudumia mezani kambini, akatembea safari nyingi nyuma ya wasaidizi wengine akitazama wanavyoamua, akasomea na kutafuta leseni. Uamuzi mzito ulimfikia mabega yakiwa tayari. (Sisemi mlimani ni peponi. Wapo wagumu wanaolala kwenye hema linalovuja na kulipwa kwa danadana. Nasema njia ya kupanda ipo, na inajulikana.)

Sasa teremka uingie hotelini. Maji ya moto hayatoki chumba namba 8, saa nne usiku, chumba namba 11 kiko wazi, na dada wa mapokezi hana ruhusa ya kumhamisha mgeni mpaka bosi apokee simu. Bosi yuko msibani Rombo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninaloomba kwa mwenye hoteli ni madaraka madogo yaliyoandikwa: mapokezi ahamishe mgeni bila kuuliza, na asamehe bili isiyozidi shilingi 30,000, mradi aandike kwenye daftari alichoamua na kwa nini. Jibu huwa moja: "Wataniibia." Mmoja aliongeza kwamba haya ya kuweka watu mbele ni mambo ya Wazungu. Huyo nilimkumbusha kuwa ofisi yake haiko mbali na mnara wa Azimio la Arusha, na kwamba mwaka 1967 Azimio lile lilipotaja vitu vinne vya kuleta maendeleo, watu walitajwa kwanza, kabla ya ardhi, siasa safi na uongozi bora. Mwaka 1971 ukaja Mwongozo wa TANU, ambao kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi ubwana na majivuno, na wafanyakazi viwandani wakakitumia kuwakataa mameneja waliowatukana. Yaliyofuata hayakuwa matamu yote, migomo ilizimwa. Lakini tusijifanye tumelisikia jana.

Tukaanzisha daftari. Wiki mbili halikuandikwa neno. Nilitegemea hivyo: watu wameshakemewa mbele ya wageni miaka yote, ghafla wanaambiwa waamue, lazima wahisi ni mtego. Wiki ya tatu kijana wa mapokezi akampa mgeni chakula cha usiku bure kwa sababu basi lake lilichelewa kutoka Dar, kosa ambalo hoteli haihusiki nalo kabisa. Bosi akanitazama kama mimi ndiye niliyekula. Nikamwomba amuulize kijana "ulifikiria nini?" badala ya "nani kakuruhusu?" Kijana akaeleza: mgeni alikuwa na watoto wawili wenye njaa, na alikuwa ameshaanza kupiga simu hoteli nyingine. Malipo ya usiku tatu yangepotea. Bosi akakubali kwa shingo upande. Mwezi uliofuata daftari lilijaa kurasa sita, na uamuzi niliouona wa hovyo ulikuwa mmoja.

Utamjuaje wa kumkuza? Mameneja wengi huniletea jina la mwenye kiingereza kizuri. Mimi nauliza kwanza: akifiwa mfanyakazi mwenzenu, nani anashika orodha ya michango? Karibu kila sehemu ya kazi yupo mtu ambaye hakuteuliwa, lakini hela wanampelekea yeye, anajua nani wa kumkumbusha kwa upole na nani wa kumsamehe mwezi huu, na mwisho anasoma hesabu kwenye grupu la WhatsApp bila shilingi kupotea. Hotelini kwetu mara nyingi ni mtu wa usafi wa vyumba au wa kufulia, mtu ambaye bosi hajui hata jina lake la pili.

Halafu kaa naye. Usimwite ofisini, ukimwita ofisini anadhani anafukuzwa, atakujibu "hakuna shida, bosi" mpaka jioni. Hesabuni mashuka pamoja stoo, maongezi yatakuja yenyewe. Swali langu la siku zote ni kazi gani anayoifanya sasa angependa kumwachia mwingine, na nani. Akikutajia mtu na sababu, ameshaanza kuongoza.

Cha kumfundishia tunacho tayari kwenye sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo. Waajiri huiona hasara, wengine hujaribu kuinunua. Mimi naiona shule: siku 28 ambazo msimamizi hayupo na mtu mwingine lazima akaimu. Kasoro ni kwamba hoteli nyingi hupeleka kila mtu likizo Aprili na Mei, mvua za masika zikinyesha na wageni hawapo, kwa hiyo anayekaimu anakaimu viti vitupu. Ninashauri angalau msimamizi mmoja aende Novemba. Wageni wapo wa wastani, makosa yanasameheka, na anarudi kabla Wachaga hawajafurika nyumbani kwa Krismasi. Anayekaimu apewe posho yake, na iandikwe tangu mwanzo kwamba likizo ikiisha anarudi nafasi yake ya awali. Ingekuwa hivyo kwa yule kijana wangu, asingekuwa na aibu ya kurudi mezani.

Novemba iliyopita nilikuwepo siku msimamizi wa vyumba, mama wa makamo aliyeshika nafasi hiyo miaka tisa, aliporudi likizo. Akakuta ratiba ya shifti ubaoni imepangwa upya: wenye watoto wachanga wametolewa zamu ya alfajiri, na hakuna chumba kilichokosa mtu. Binti aliyekaimu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo, anajifanya anasubiri lifti. Yule mama akavaa miwani, akaisoma ratiba yote mpaka chini, akachukua kalamu, akarekebisha jina moja lililokosewa herufi, akaiacha ubaoni.