Kabla ya kukubali mzigo: hesabu ya mwenye lori anayeendesha mwenyewe

Dalali akipiga simu, mwenye lori huuliza nauli, kisha huuliza umbali. Anagawa nauli kwa kilomita na kuamua hapo hapo. Hesabu hiyo inaacha nje vitu viwili vinavyokula faida: kilomita ambazo hakuna anayezilipia, na siku ambazo mzigo utalishikilia lori. Ndiyo maana lori linaweza kuzunguka mwezi mzima na bado rejesho la mkopo likakosekana.

Tenga kwanza gharama za kudumu na gharama za mwendo. Za kudumu zinakuja hata lori likiwa limeegeshwa: rejesho la mkopo, bima, leseni, vibali, maegesho na mshahara wako wewe dereva. Mshahara huo wengi huusahau, kisha kile wanachokiita faida kinakuwa ni ujira wao tu, na siku wakiugua hakuna pesa ya kumlipa dereva wa muda. Jumlisha gharama hizo za mwezi, ugawe kwa siku ambazo lori hufanya kazi kweli. Ukigawa kwa 30 unajidanganya, maana siku za gereji na za kutafuta mzigo haziingizi kitu.

Gharama za mwendo ni dizeli, matairi, oili, filta, breki, tozo za barabara na akiba ya ukarabati wa injini. Kwa dizeli, usitegemee makadirio ya mtu mwingine. Jaza tangi hadi juu, andika kilomita, fanya safari, jaza tena hadi juu. Lita zilizoingia zigawe kwa kilomita ulizokwenda. Pima ukiwa na mzigo, kisha upime ukiwa tupu, kwa sababu tofauti ni kubwa. Kwa matairi, chukua bei ya seti nzima (lori la ekseli 6 lenye matairi pacha kila ekseli isipokuwa ya mbele lina matairi 22) na uigawe kwa kilomita ambazo seti iliyopita ilidumu. Anayehesabu matairi mwezi anaponunua tu huona miezi mingine yote ina faida, na pesa ya matairi anaitumia kwa mambo mengine.

Tuchukue mfano wa tarakimu za kufanyia hesabu tu, uweke za kwako. Gharama za kudumu ni 66,000 kwa mwezi na lori linafanya kazi siku 22, hivyo kila siku inadai 3,000. Kilomita moja yenye mzigo inagharimu 12, na ya tupu 9.

Mzigo wa kwanza unalipa 15,000 kwa kilomita 600, yaani 25 kwa kilomita, lakini huko uendako hakuna mzigo wa kurudi. Kwenda ni 7,200, kurudi tupu ni 5,400. Zinabaki 2,400, na safari imekula siku 3. Umepata 800 kwa siku inayodai 3,000. Mzigo wa pili unalipa 9,600 kwa kilomita 400, yaani 24 kwa kilomita. Unakwenda tupu kilomita 50 kuufuata, unapakia, unafika na kupakua siku hiyo hiyo, mahali penye mizigo mingine. Gharama za mwendo ni 5,250, na 4,350 zinabaki kwa siku moja. Ule uliokuwa na nauli kubwa na bei ya juu kwa kilomita ndio uliokutia hasara.

Mzigo wa kurudi una hesabu yake. Kwa kuwa lori litarudi hata likiwa tupu, gharama halisi ya kubeba ni ile nyongeza tu: 3 kwa kila kilomita, yaani 1,800 kwa kilomita 600. Nauli ya 5,000 inaonekana nzuri. Ukiingoja siku moja, toa 3,000 nyingine, unabaki na 200. Ukiingoja siku mbili, umepoteza 2,800, na ingekuwa heri kuondoka tupu mapema. Jambo la kuangalia sana hapa ni kwamba bei ya kurudi isiwe bei yako ya kwenda. Mteja akizoea kulipa nyongeza tu, hakuna anayelipia safari nzima.

Foleni ya kupakua ni mahali ambapo hasara huingia bila kelele. Kubalianeni kwa maandishi saa ngapi za kusubiri ni za bure na kila saa ya ziada inalipwa kiasi gani. Ukifika getini, saa ya kuwasili iandikwe kwenye hati ya mzigo na isainiwe. Bila saini hiyo dai lako ni maneno matupu. Na usiache injini ikinguruma ukiwa kwenye foleni: injini kubwa ya dizeli isiyo na kazi huchoma takriban lita 3 kwa saa.

Malipo nayo yapimwe. Dizeli unalipa leo, nauli inakuja baada ya siku 30 au 60. Anayekuahidi kukulipa haraka kwa kukata asilimia 3 anakata kwenye nauli yote. Faida yako ikiwa asilimia 10 ya nauli, amechukua karibu theluthi ya faida. Huenda bado ikafaa kama njia nyingine ni kukosa mafuta, lakini iingize kwenye bei tangu mwanzo. Hati ya kupokelewa mzigo itume siku hiyo hiyo, kwa sababu siku za malipo mara nyingi huhesabiwa tangu ankara inapopokelewa.

Kwa mkataba wa miezi kadhaa, weka kifungu cha dizeli. Andikeni bei ya lita ya siku ya kusaini. Ikipanda, nauli ya kila kilomita iongezeke kwa ongezeko hilo mara lita unazotumia kwa kilomita. Gari linalokula lita 40 kwa kilomita 100 hutumia 0.4 kwa kilomita, hivyo lita ikipanda 5, nauli ipande 2 kwa kilomita, na kilomita za tupu zihesabiwe humo pia. Bei ikishuka, nauli nayo ishuke. Mteja akiona kifungu kinamlinda naye, hukisaini bila ubishi mwingi.