Je, wajua? Gobori la miaka mia na zaidi linaweza bado kufyatuka

Ndiyo, linaweza. Januari 2013 wahifadhi wa bustani ya Central Park mjini New York walikuwa wakisafisha mzinga wa Kiingereza wa karne ya 18. Walipofungua mdomo wake wakakuta tufe la chuma, na nyuma yake gramu 800 hivi za baruti nyeusi. Mzinga ule ulikuwa umewekwa hadharani kwa miongo mingi, watu wakiuegemea na kupiga picha, na baruti yake ilikuwa bado na uwezo wa kuwaka. Miaka mitano kabla ya hapo, katika jimbo la Virginia, mkusanyaji mzoefu wa vitu vya vita aliuawa na kombora la vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, alipokuwa akilisafisha kutu.

Jambo hili linatuhusu sana sisi wa Unguja na Pemba. Katika karne ya 19 bandari ya Unguja ilikuwa bohari ya silaha za pwani yote: magobori ya Birmingham, Uingereza, na Liège, Ubelgiji, yakishushwa hapa, kisha yakienda bara na misafara. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, lakini ukaacha mlango kwa gumegume, yaani bunduki zinazowashwa kwa cheche za jiwe, zisizo na mifuo ndani ya mtutu pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Silaha za aina hii zilidumu kazini muda mrefu. Katika vita vya Waingereza na Unguja vya 27 Agosti 1896, miongoni mwa silaha za walinzi wa kasri la Sultani palikuwa na mzinga mmoja wa shaba wa karne ya 17. Basi mtu akikuta gobori darini katika nyumba ya urithi, au akiliona limetundikwa ukumbini, au likiuzwa katika duka la vitu vya kale Mji Mkongwe, swali la kwanza si la thamani yake. Swali ni kama limeshindiliwa, yaani kama lina baruti na risasi zilizosukumwa ndani kupitia mdomoni.

Baruti nyeusi haiozi. Imetengenezwa kwa shura, makaa na salfa, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachochacha kwa kukaa. Adui yake ni maji tu: shura huyeyuka kama chumvi na kujitenga na makaa. Lakini ndani ya gobori baruti imezibwa nyuma na chuma, mbele na risasi na kitambaa cha mafuta au karatasi, na tundu la moto, linalopitisha cheche hadi kwenye baruti, ni dogo kiasi cha kuzibwa na kutu. Hata ikiingia unyevu wa masika, ikikauka tena huganda mabonge, na mabonge hayo yakipata cheche huwaka. Ndiyo maana hoja ya “hii imekaa tangu enzi za babu, imeshakufa” haina msingi.

Kulikagua hakuhitaji ufundi mkubwa. Elekeza mdomo upande usio na mtu, ukiwa nje ya nyumba, maana si kila ukuta huzuia risasi. Usiguse kifyatulio wala nyundo. Chukua ufito mwembamba wa mti ulionyooka (mdeki wenyewe, yaani ufito wa kushindilia, mara nyingi umeoza au umevunjika), uingize taratibu, mwili na uso wako vikiwa pembeni mwa mdomo, mpaka ugote. Tia alama kwa kalamu pale ufito unapotokea mdomoni. Uchomoe, ulaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikiwa sawa na mdomo, uone ncha yake imefika wapi. Mtutu mtupu huufikisha ufito karibu kabisa na tundu la moto. Ukiishia sentimita 4 hadi 6 kabla ya hapo, hicho ni kimo cha kiasi kimoja cha baruti pamoja na risasi yake. Ukiishia sentimita 10 au zaidi, huenda limeshindiliwa mara mbili. Kuna tahadhari moja ambayo wengi hawaijui: baadhi ya bunduki za fataki (kikofia kidogo cha kulipuka kinachopigwa na nyundo) zina chumba cha baruti chembamba kuliko mtutu, kwa hiyo ufito mnene hugota mapema kwa sentimita moja au mbili ilhali bunduki ni tupu. Rudia kwa ufito mwembamba zaidi kabla ya kukata shauri.

Likionekana lina kitu ndani, acha hapo hapo. Usilijaribu kwa kulifyatua “lisafike”, usichokoe kwa msumari, usitoboe kwa drili, usilisogeze karibu na jiko, na usiwashe kiberiti ili uchungulie. Waite polisi waje lilipo, usilipakie kwenye daladala kuwapelekea. Mafundi wanaoruhusiwa kufanya kazi hiyo huanza kwa kuizamisha baruti: humimina maji mdomoni na kwenye tundu la moto, wakaliacha liloweke kwa muda, ndipo wakavuta risasi kwa parafujo maalumu inayofungwa kwenye mdeki. Wapo wanaopinga hata parafujo ya chuma na kutaka ya shaba, wakiogopa cheche. Kwa gobori kongwe lenye kutu ndani tunaona hofu yao ni ya haki.

Kwa nini watu waliacha bunduki zao zimejaa? Sababu moja ni kwamba gobori haliwezi kufunguliwa likaondolewa risasi kwa mkono. Likishashindiliwa, njia rahisi ni kulipiga. Sababu ya pili ni kusahau, na hilo huwapata hata askari. Baada ya mapigano ya Gettysburg, Marekani, mwaka 1863, bunduki zaidi ya 27,000 ziliokotwa uwanjani. Taarifa za waliozikagua zinasema nyingi sana zilikuwa zimejaa, maelfu zikiwa na viasi viwili au zaidi, na moja ikiwa na viasi 23 vilivyopangana. Katika kelele na moshi mtu hasikii kwamba fataki yake imelia peke yake. Hushindilia kiasi kingine juu ya kile cha kwanza.

Dawa ya kosa hilo ni alama mbili kwenye mdeki, na wapiga shabaha wa nchi ambako gobori ni mchezo halali, kama Uingereza na Marekani, huzitia kabla ya kwenda uwanjani. Alama ya kwanza huonyesha mtutu mtupu. Ya pili huonyesha kiasi kimoja kilichokaa sawasawa. Ikiwa ya pili inaelea juu ya mdomo, ama kuna viasi viwili, ama risasi imekwama njiani haijaigusa baruti. Hili la mwisho huonekana dogo lakini ndilo linaloharibu mitutu: nafasi ya hewa kati ya baruti na risasi huufanya mgandamizo uongezeke ghafla pale risasi ilipo, mtutu ukavimba pete au kupasuka.

Sasa tuje kwenye kushindilia, maana humo ndimo yamo mabishano yote ya wapiga shabaha hao. Kwa bunduki ya mtutu wa milimita 12.7 kiasi cha kawaida cha baruti nyeusi ni gramu 4 hadi 4.5. Pembe ya baruti hubeba gramu 200 na kitu. Baruti nyeusi inapoungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa masizi na vumbi, wala haigeuki gesi. Na kile kitambaa kinachozungushiwa risasi huweza kuacha kipande chenye moto ndani. Ukimimina moja kwa moja kutoka kwenye pembe na kaa likawa lingalipo, moto hupanda kufuata mkondo wa baruti hadi kwenye chombo ulichoshika. Gramu nne huunguza vidole. Gramu mia mbili huondoa mkono, na pengine roho. Kwa hiyo baruti hutoka kwenye pembe kwenda kwenye kipimo, pembe ikafungwa na kuwekwa nyuma, ndipo kipimo kikamwagwa mtutuni. Mashindano ya kimataifa yanayosimamiwa na MLAIC, shirika la kimataifa la vyama vya wapiga magobori, yanakwenda mbali zaidi: kila kiasi hupimwa mapema na kutiwa kwenye kichupa chake. Hapa hatuoni mjadala, ingawa wapo wanaosema wamemimina kutoka kwenye pembe miaka yote bila madhara.

Mdeki nao una namna yake ya kushikwa. Ushike kwa ncha za vidole, ukisukuma vipande vifupi vifupi, sentimita 20 hivi kila mara. Ukiukamata katikati kwa ngumi na kuusukuma kwa nguvu, ufito wa mti ukivunjika ncha kali hupita kiganjani. Ajali za namna hiyo hujirudia. Kwenye mizinga mshindiliaji huweka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, asiuzungushie mti, ili kiasi kikiwaka kabla ya wakati mti utoke mkononi badala ya kuondoka na mkono.

Bishano kubwa kuliko yote ni la kupuliza. Baada ya kupiga, baadhi ya wazee wa mchezo huu huweka mdomo kwenye mtutu na kupuliza mpaka moshi utoke kwenye tundu la moto. Hoja yao ni kwamba mvuke wa pumzi hulainisha masizi, risasi inayofuata ikashuka bila taabu, na moshi unaotoka huthibitisha kwamba njia ya moto iko wazi. Yote mawili ni kweli. Wapinzani wao wanajibu kwamba pumzi hulichochea kaa lililobaki, na kwamba mtu anayezoea kuweka uso wake mbele ya mtutu ipo siku atauweka mbele ya mtutu ambao haukufyatuka. Viwanja vingi vimepiga marufuku, na sisi tuko upande huo, kwa sababu kitambaa chenye unyevu kidogo kikipitishwa mara moja hadi chini hufanya kazi ile ile. Unyevu kidogo, tumesema. Kitambaa kinachochuruzika maji huacha tope kwenye chumba cha baruti, na kiasi kinachofuata hakiwaki.

Lipo pia la kutia baruti ya kisahani, yaani ile kidogo ya kuwashia inayokaa nje kando ya tundu la moto. Askari wa zamani wa gumegume walirarua karatasi ya kiasi, wakatia kidogo kisahanini kwanza, kisha wakamimina iliyobaki mtutuni. Wanaoigiza vita vya kale hupenda kufuata utaratibu huo kwa kuwa ndio wa kihistoria. Ila maana yake ni kwamba unashindilia bunduki iliyokwisha kutegwa, ukitegemea jino la ndani linaloishika nyundo nusu njia, ambalo huchakaa usijue. Ukiwa na risasi ya kweli, kisahani kiwe cha mwisho, mdomo ukielekea shabaha. Vivyo hivyo fataki.

Na bunduki isipolia? Iache ielekee shabaha, angalau dakika 1. Wengine hungoja 2 au 3, na kungoja hakumdhuru mtu. Moto huweza kutambaa polepole kwenye baruti yenye unyevu na kufika wakati wewe umeshakata tamaa, bunduki ikiwa tayari imeshageuzwa.

Kuna mambo mawili hayana pande mbili. La kwanza, baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za kisasa, haitiwi katika gobori hata kidogo: mgandamizo wake ni mara kadhaa ya ule ambao mtutu wa namna hii uliundwa kuuhimili. La pili ni magobori ya kienyeji ya bomba la maji. Bomba lina mshono uliochomelewa, halijulikani chuma chake ni cha namna gani, na hakuna mtu awezaye kukutajia kiasi salama. Wanaoyajaza unga wa vichwa vya viberiti wanaongeza hatari juu ya hatari, kwa kuwa unga huo una klorate na huweza kulipuka kwa msuguano wa mdeki tu, kabla kifyatulio hakijaguswa. Nao umiliki wa gobori, la kiwandani au la kienyeji, bila kibali cha polisi ni kosa.

Usafi mwishowe. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya maji hewani, na katika hewa ya chumvi ya visiwani kutu huanza siku ile ile. Maji ya moto na sabuni yatosha: pitisha vitambaa mpaka kitoke kimoja cheupe, kausha, paka mafuta. Simamisha bunduki usiku kucha mdomo ukiwa chini, ili mafuta ya ziada yasikusanyike nyuma. Kabla ya kushindilia tena, pitisha kitambaa kikavu, na kama ni bunduki ya fataki piga fataki mbili tupu ukielekeza mdomo karibu na jani lililo ardhini. Jani likitikisika, njia ya moto iko wazi. Lisipotikisika, usitie baruti; fungua chuchu ya fataki (kijibomba kinachokaliwa na fataki), izibue kwa sindano, uanze upya.