Ukitoka kwenye sedani ya mbio na kupanda SUV ndogo

Wateja wengi wanaonijia wiki chache baada ya kubadilisha gari huanza na maneno yaleyale: "Fundi, usukani una kasoro." Naliinua gari kwa jeki, natikisa magurudumu, nakagua bushi, boljointi na shokomzoba, napima mpangilio wa magurudumu. Mara nyingi sioni kilicholegea. Kilichobadilika ni kimo cha gari, na mikono ya dereva haijapata habari.

Nawaelewa. Niliendesha sedani ya chini kwa miaka tisa, nikahamia SUV ndogo kwa ajili ya mama yangu, ambaye magoti yake yalikuwa yamekataa kumwinua kutoka kwenye kiti kilicho karibu na ardhi.

Tofauti ya kwanza kuisikia iko kwenye tairi. Sedani yangu ilivaa 225/40 R18. Namba ya katikati ni asilimia: kimo cha ukuta wa tairi ni asilimia 40 ya upana wa milimita 225, yaani milimita 90. SUV yangu huvaa 225/65 R17, na ukuta wake unafika milimita 146. Upana ni uleule, lakini kati ya rimu na lami pameongezeka zaidi ya sentimita tano za mpira. Ukikata usukani, rimu hutangulia, ukuta unajipinda, ndipo sehemu inayogusa lami inapofuata. Kule kuchelewa kidogo ndiko watu wanakoita kasoro. Lakini ukuta huohuo ndio unaomeza mashimo ambayo zamani yalikuwa yakipinda rimu zangu.

Jambo zito zaidi ni kitovu cha uzito, yaani pale ambapo uzito wote wa gari ni kama umekusanyika. Kwenye sedani ya chini huwa kama sentimita 50 hivi kutoka ardhini. Kwenye SUV ndogo hukaribia 65. Ukiingia kona, uzito unahama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje, na kadiri kitovu kilivyo juu ndivyo unavyohama mwingi. Fanya hesabu: sedani ya kilo 1,500 ikikata kona kwa nguvu ya pembeni ya asilimia 60 ya uzito wake, kiasi cha kilo 300 huhama. SUV ya kilo 1,600 kwenye kona hiyohiyo huhamisha karibu kilo 400. Tairi iliyoelemewa haishiki barabara kwa uwiano uleule wa mzigo wake, kwa hiyo ile ya nje haiwezi kufidia yote ambayo ya ndani imepoteza. Kuinama kwa bodi unakokuhisi ni sehemu ndogo tu ya habari hiyo.

Ndiyo maana nauthamini sana mfumo wa kielektroniki wa kudhibiti uthabiti, ule unaobana breki ya gurudumu moja moja gari linapoanza kuteleza. Mwaka 1997 Mercedes-Benz A-Class, gari dogo lakini refu kwenda juu, lilipinduka katika jaribio la kukwepa kizuizi lililofanywa na waandishi wa magari wa Sweden. Kampuni ilirekebisha springi na tairi, ikaweka mfumo huo kwenye kila A-Class. Ukinunua SUV iliyotumika, hakikisha taa yake kwenye dashibodi inawaka unapowasha swichi, kisha inazimika. Taa isiyowaka kabisa huenda imefichwa makusudi.

Kuna dhana moja ninayoipinga kila siku: kwamba gari linalovutwa na magurudumu yote manne husimama haraka kuliko mengine. Halisimami. Mvuto huo husaidia kuondoka kwenye tope na utelezi. Breki za sedani yako nazo zilikuwa kwenye magurudumu manne. Na kwenye mifumo mingi ya aina hii tairi zote nne zinapaswa kuwa na ukubwa mmoja na kulika kwa kulingana, la sivyo kiunganishi kinachogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kinafanya kazi bila kupumzika mpaka kinaungua. Kununua tairi moja moja kumekwisha.

Wengine huniomba nifupishe springi ili "irudi kama ile ya zamani". Huwa nawashawishi waache. Shokomzoba zilipangwa kwa safari fulani ya springi, yaani umbali inaobonyea na kurudi. Ukiikata, gari linagonga vizuizi vya mpira katikati ya kona, na hapo hushtuka ghafla kuliko lilivyokuwa likiinama. Fedha hiyo nunulia tairi nzuri, na upepo ujaze kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Kisha fundisha mikono. Maliza kufunga breki gari likiwa bado limenyooka. Geuza usukani polepole mwanzoni, subiri bodi itulie upande mmoja, ndipo uongeze. Nami nilihitaji kama mwezi mzima. Mama alikuwa wa kwanza kugundua, kwa sababu aliacha kushika mpini wa juu ya mlango.